Nina hepesi, mume wangu ataka kujua nimeitoa wapi

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 31, nakaa Mikindani. Mwaka huu ni wa sita wa ndoa yetu na tuna watoto wawili. Miezi miwili iliyopita nilishikwa na homa, kisha nikatokwa na vipele vya maji sehemu za siri. Vikapasuka vikawa vidonda, hata kwenda haja ndogo nalia. Zahanati moja ya binafsi walinipima damu wakasema ni hepesi. Karatasi imeandikwa “HSV 1/2 IgM” na alama ya kujumlisha. Mume wangu ni dereva wa trela, yuwaenda Malaba na Kampala. Naye alipimwa, akaambiwa hana. Kitu pekee alicho nacho ni vile vidonda vya mdomoni akishikwa na homa, tangu utotoni mwake. Tangu siku hiyo alala sebuleni na ataka kujua nimeitoa wapi. Mavyaa wangu amenitengea kikombe na sahani, na amesema nisimwogeshe mtoto mdogo. Dada zangu nao wasema ni yeye ameileta, madereva wajulikana. Mimi naapa sijatoka nje ya ndoa. Yeye pia aapa. Mmoja wetu ni mwongo na nataka kujua ni nani. Na je, ndio basi sitazaa tena?

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nitakujibu kwa urefu, maana barua yako imebeba mambo mengi, na sehemu kubwa ya hayo haikuletwa na virusi, imeletwa na maneno ya watu.

Nianze na lililokukaa rohoni. Si lazima mmoja wenu awe mwongo. Inawezekana kabisa wewe hukutoka nje, yeye hakutoka nje, na bado malengelenge yakakutokea mwaka wa sita wa ndoa. Sikwambii hivi ili kukupoza moyo. Virusi hivi ndivyo vilivyo, na daktari yeyote anayetibu magonjwa ya zinaa ameshaketi na wanandoa wa namna yenu, kila mmoja ameshika Msahafu au Biblia akiapa, na wote wawili wakisema kweli. Inawezekana pia kwamba mmoja wenu aliteleza. Hilo sina njia ya kulijua, na wala maabara haina. Hapo ndipo watu wengi hukataa kunisikia.

Tuichukue ile karatasi. HSV ni kifupi cha jina la virusi vya hepesi. IgM ni kingamwili, askari ambao mwili huwatoa mapema unapovamiwa. Watu huambiwa kwamba IgM ikionekana basi maambukizi ni mapya, na kwa baadhi ya magonjwa kuna ukweli ndani ya maneno hayo. Kwa hepesi sivyo. IgM huweza kujitokeza upya virusi vinapoamka, hata kwa mtu aliyeishi navyo miaka ishirini. Haitenganishi vizuri aina mbili za hepesi. Na mara nyingine hutokea kwa mtu asiye na hepesi kabisa, kwa sababu mwili wake unapambana na virusi vingine vya ukoo huo huo. Miongozo ya tiba inashauri kipimo hiki kisitumike. Maabara huendelea kukiuza kwa kuwa watu huendelea kukiulizia. Unatoa pesa zako, unapewa alama ya kujumlisha, unaingia nayo nyumbani, na nyumba inawaka moto. Alama hiyo haikwambii una aina gani, haikwambii kama iko mdomoni au chini, na haikwambii tangu lini.

Kipimo chenye uzito kwa mtu mwenye kidonda ni kile cha kupangusa kidonda chenyewe kwa kijiti cha pamba na kukipeleka maabara kutafutwa virusi kwa PCR, yaani kipimo kinachosaka vinasaba vya virusi vyenyewe. Hufanywa siku za mwanzo, kabla kidonda hakijafanya kigaga. Wewe nafasi hiyo imekupita mara hii, lakini vikirudi, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri wiki ijayo. Kama hakuna kidonda, kipo kipimo cha damu cha IgG, kingamwili zinazokuja baadaye na kudumu, kinachotenganisha aina ya kwanza na ya pili. Hicho nacho kina masharti yake. Huchukua majuma kumi na mawili, pengine na zaidi, tangu mtu aambukizwe hadi kiweze kuaminika, na majibu yenye namba ndogo, kati ya 1.1 na 3 hivi, mara nyingi hugeuka kuwa ya uongo, kwa hiyo huhitaji kuhakikishwa kwa kipimo kingine. Hata kikiwa sahihi kabisa, IgG ni kama nyayo mchangani: utajua mtu alipita, hutajua alipita saa ngapi. Mumeo aliambiwa “hana” kwa kipimo gani? Kama ni hicho hicho cha IgM, basi hajaambiwa kitu. Na ningeshangaa sana mtu anayetokwa na vidonda vya mdomoni tangu utotoni akiwa hana hepesi ya aina yoyote.

Maana hepesi ziko aina mbili. Ya kwanza kwa kawaida hukaa mdomoni, na ndiyo hiyo inayomtoka mumeo kila akipata homa. Wengi wetu tuliipata tukiwa wadogo, kwa kubusiwa na mashangazi na majirani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Ya pili hupenda sehemu za siri na hupita kwa kujamiiana, na wanaoishi nayo ni kama milioni 520 kati ya umri wa miaka 15 na 49. Lakini hazishiki mipaka. Nisitiri maneno, ila nieleweke: mdomo wa mume ukifika kule chini, hata siku ambayo hauna kidonda, unaweza kuiacha aina ya kwanza huko. Mwanamume aliyeoa bikira na hajamgusa mwanamke mwingine duniani anaweza kumpa mkewe malengelenge ya siri kwa njia hiyo. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwenu. Ninyi mwajua mambo ya chumbani mwenu, na kama jambo hilo lipo, basi swali lako huenda limekwisha kujibiwa na ule mdomo wa mumeo.

Tuseme halipo. Bado ziko njia nyingine, na ili uzione inabidi ujue virusi hivi huishi vipi. Vikishaingia kwenye ngozi hupanda na mshipa wa fahamu mpaka kwenye shina lake, karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na huko vinalala. Havimo kwenye damu vikizunguka, ndiyo maana “kuosha damu” hakuvifikii. Mara kwa mara huteremka tena hadi kwenye ngozi. Wakati mwingine huja na vidonda. Mara nyingi zaidi huja kimya, ngozi ikiwa safi haina hata mkwaruzo, na siku hizo hizo huweza kumwingia mwenzako. Watafiti waliowapangusa watu wenye aina ya pili kila siku waliona kwamba hata wale ambao hawajawahi kuona dalili maishani mwao walitoa virusi katika takriban siku 10 kwa kila 100. Maambukizi mengi hutoka kwa watu wasiojua kwamba wanayo.

Na wasiojua ndio wengi. Tunapolitaja gonjwa hili, tunafikiria vidonda vya kutisha kama vilivyokupata wewe: vipele vya maji vimesongamana mahali pamoja, siku mbili tatu vinapasuka, mkojo ukipita ni moto, mitoki imevimba kwenye kinena, na homa juu yake. Mara ya kwanza huweza kuwa hivyo na kuchukua wiki mbili hadi nne. Kwa wengi haiwi hivyo. Ni mkato mdogo wanaodhani ni wembe. Ni mwasho wanaoulaumu kwa jasho la Mombasa, au chupi ya nailoni, au fangasi. Wananunua krimu kwenye kemisti, unapona wenyewe siku ya tano, wanaishukuru krimu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI uliofanywa Kenya mwaka 2007 uliwapima watu wenye miaka 15 hadi 64 na kukuta kwamba takriban 35 katika kila 100 walikuwa na aina ya pili. Kwa wanawake ilifika kama 42, kwa wanaume kama 26. Hebu hesabu watu waliosimama ndani ya feri ya Likoni asubuhi moja, kisha uniambie ni wangapi kati yao wanaojijua.

Basi huenda mumeo aliipata kabla hajakuoa, hakuwahi kuona kitu, na imekufikia juzi. Huenda wewe ndiye uliyeipata kabla ya ndoa, ikalala miaka yote hiyo, na homa uliyoshikwa nayo ndiyo iliyoiamsha. Si ajabu mtu kuona vidonda kwa mara ya kwanza miaka mingi baada ya kuambukizwa. Msiulizane “nani amelala na nani mwezi wa tatu”. Jibu linaweza kuwa limezikwa mwaka ambao hamkuwa mmejuana.

Wasomaji waliosoma sayansi watanikatiza hapa, kwa hiyo nilitaje: ipo njia moja ya kukadiria umri wa maambukizi. Kidonda kikipanguswa siku za mwanzo na damu ikachukuliwa siku hiyo hiyo, kidonda kikaonyesha virusi vya aina fulani ilhali damu haina kingamwili za aina hiyo, basi mtu huyo ameipata karibuni. Tuseme lingefanyika kwako na likaonyesha ni mpya. Ungekuwa umejua nini? Kwamba wewe umeipata karibuni. Kutoka kwa mume ambaye huenda ameibeba miaka kumi. Tarehe yako haitoi tarehe yake.

Mambo ya talaka si fani yangu. Ila shauri hili likifika mbele ya Kadhi, au mbele ya wazee wa pande mbili, hakuna daktari mwaminifu atakayesimama aseme karatasi ile ni ushahidi wa uzinzi. Mwambie mumeo neno hilo kwa utaratibu, si siku mnayorushiana maneno.

Kuhusu dada zako, nitakuwa mkali kidogo. Wanakupenda, lakini wamekutetea kwa kumhukumu mtu kwa kazi yake. Kweli, wanaume wakaao njiani muda mrefu wana hatari zaidi, na tafiti za barabara ile kuu ya Mombasa hadi Uganda zimelisema hilo tangu miaka ya tisini. Lakini hatari ya kundi haiwi kosa la mtu mmoja. Na upande wa pili, unajua kwa nini lawama hukimbilia kwa mke? Kwa sababu mke ndiye anayeenda hospitali. Yeye ndiye anayefunguliwa kitabu cha kliniki, ndiye anayechunguzwa, na maumbile yake humfanya aambukizwe kwa urahisi kuliko mwanamume na aumie zaidi. Anayeonekana wa kwanza huhesabiwa ndiye aliyeanza. Nimechoka na hesabu hiyo.

“Lakini kama ni yeye aliyenipa, au ni mimi ninayo tangu zamani, mbona mwenzangu hana?” Swali hili huulizwa sana. Watu hudhani hepesi ni moto wa makuti, mguso mmoja na nyumba nzima imekwisha. Mwaka 2004 ulitangazwa utafiti uliofuata wanandoa wapatao 1,484, mmoja akiwa na aina ya pili na mwenzake hana. Wote walipewa ushauri na kuhimizwa watumie kondomu. Wenye virusi waligawanywa, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Kati ya wenza 741 wa wale ambao hawakupewa dawa halisi, walioambukizwa kwa miezi minane ni 27. Upande uliopewa valasikloviri, dawa ya kutuliza virusi hivi, kila siku walikuwa 14 kati ya 743. Kwa hiyo mume na mke huweza kukaa miaka, mmoja anayo na mwenzake hana, bila muujiza wowote. Na dawa hupunguza uwezekano huo kwa karibu nusu.

Sasa kikombe. Mavyaa wako hana ubaya, analinda wajukuu kwa elimu aliyonayo, lakini kikombe kile na sahani ile virudi kabatini na vya wenzake. Virusi hivi hupita ngozi kwa ngozi, na vikikauka nje ya mwili havidumu. Haviingii kwa kutumia choo kimoja, wala kukalia kiti, wala kufua pamoja, wala kuoga kwenye bahari moja pale Nyali. Mwogeshe mwanao. Ukiwa na kidonda kibichi nawa mikono kwa sabuni baada ya kukigusa, na usijishike macho kabla hujanawa, kwani jicho likiingiwa na hepesi huweza kuharibika. Ajabu ya mambo ni kwamba katika nyumba yenu anayefaa kuangaliwa kuhusu mtoto ni yule mwenye vidonda vya mdomoni ambaye hakuna aliyemtengea kikombe: akiwa navyo, asimbusu mtoto mchanga. Hepesi kwa mtoto wa siku chache ni jambo la kufa na kupona.

Kuna fujo nyingine inayotokea barazani, nayo ni kuchanganya ugonjwa huu na mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi hutoka kwa virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini, hutokea upande mmoja wa kiwiliwili au uso, na hauhusiani na kitanda cha mtu. Na wala ukikutana pande mbili hauui, ingawa tumesikia hivyo tangu tukiwa watoto.

Wengine hukimbilia kusema “huo ni ukimwi”. Sio. Lakini vina uhusiano na sitakuficha: mwenye aina ya pili ana uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kupata VVU akikutana navyo, kwa kuwa ngozi ina vipenyo na askari wa mwili wamejazana pale pale virusi vinapowataka. Kwa hiyo nyote wawili pimeni VVU na kaswende. Hospitali ya Port Reitz si mbali na kwako, na kipimo cha VVU katika hospitali za serikali ni bure. Kaswende naitaja kwa sababu kidonda cha sehemu za siri huweza kuwa ndiyo, au kuwa vyote viwili, na kaswende ina tiba ya kuimaliza kabisa kwa sindano. Wewe ulipimwa damu ya hepesi tu, ya kaswende hukuitaja. Hilo usilale nalo.

Tiba. Hakuna dawa inayoviondoa virusi hivi mwilini, si hospitalini, si sokoni Kongowea, si kwa yule anayetangaza chupa za mizizi kwenye simu. Anayekuahidi hivyo anataka pesa zako. Ndimu na chumvi juu ya kidonda ni kujitesa bure. Dawa iliyopo ni asikloviri, ya vidonge, si ya kupaka. Ya kupaka inasaidia kidogo mno. Mara ya kwanza hutolewa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku saba hadi kumi. Vikirudi, kiasi hicho hicho cha dawa kwa siku tano, na faida yake kubwa ni ukiianza siku ile ile unayohisi dalili. Dalili huja kabla ya kidonda, na utajifunza kuzitambua: mchomo, ganzi, mvuto unaoshuka pajani au matakoni. Vikiwa vinarudi mara kwa mara, hutolewa 400 asubuhi na 400 jioni kila siku kwa miezi, na kwa wengi hukata marudio kwa zaidi ya theluthi mbili. Mwenye matatizo ya figo amwambie daktari kwanza. Siku za maumivu vaa leso bila chupi, kunywa maji mengi, na mkojo ukiunguza jimwagie maji ya uvuguvugu wakati unakojoa. Na hapana, mchuzi wa pweza hauviamshi. Nimeulizwa.

Aina ya kwanza ikiwa chini hurudi mara chache, pengine mara moja mwaka wa kwanza, au isirudi tena. Aina ya pili hurudi zaidi, mara nne tano mwaka wa kwanza kwa wengi, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo sababu ningependa ijulikane una ipi. Ukifikisha miezi mitatu minne tangu vilipokutoka, pimeni nyote wawili IgG inayotenganisha aina, mahali pamoja, siku moja, na majibu msomewe pamoja na mtu anayeyaelewa. Mkikuta wote mna aina moja, basi hamna cha kuogopeshana. Hamtakuwa mkiambukizana huku na huku kila mnapolala pamoja, kama wengi wanavyodhani. Mkikuta wewe unayo na yeye hana, mna mambo matatu ya kufanya. Msikutane tangu dalili ya kwanza mpaka ngozi ipone sawasawa. Mtumie kondomu siku nyingine, ambayo hupunguza sana ingawa haifuniki ngozi yote. Na mzungumze na daktari kuhusu wewe kumeza dawa kila siku. Najua mume wa kwetu ukimtajia kondomu ndani ya ndoa husikia umemwita mgeni. Mwambie ni kwa ajili ya kumkinga yeye. Wapo waliokubali, wapo waliosema “tutaishi na litakalotokea”, na wanandoa wazima wakishajua hatari yake, uamuzi ni wao.

La kulala sebuleni. Miezi miwili mtu akikugeuzia mgongo, unaanza kujiona una najisi. Nimeona ndoa zilizovunjika kwa hili, na kwa kawaida hazikuvunjwa na kidonda. Zilivunjwa na wiki zile za mwanzo, pale mmoja alipohojiwa kama mwizi mbele ya watu, maneno yakatoka yasiyoweza kurudishwa, baadaye hata ilipojulikana kwamba huenda hakuna aliyekosa, aibu ilikuwa imeshatangulia. Kwa hiyo usimpeleke mumeo mbele ya wazee bado, na usiwajibu mawifi. Akirudi safari, akishapumzika, watoto wamelala, mpe jibu hili asome mwenyewe. Kisha mwambie maneno machache: “Mimi sijatoka nje. Nimeambiwa huenda nawe hujatoka. Twende kwa daktari pamoja.” Usiongeze “lakini kama ni wewe…”. Akikubali kuja, nusu ya kazi imekwisha. Akikataa, nenda wewe, utibiwe wewe. Na akikuinulia mkono kwa ajili ya hili, hapo hatuzungumzii hepesi tena. Ondoka, nenda kwenu, na utafute msaada siku hiyo hiyo.

Suala la uzazi umelitaja mwisho, kwa woga, kana kwamba umeshahukumiwa. Hepesi haizibi mirija, haigusi mfuko wa uzazi, wala haileti saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo hutoka kwa virusi vingine viitwavyo HPV. Utashika mimba kama ulivyoshika za hao wawili. Hatari kubwa kwa mtoto iko kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya ujauzito, kwa kuwa hana kingamwili za kumpa mwanawe. Hapo watoto 30 hadi 50 katika kila 100 huweza kupata. Kwa mama mwenye maambukizi ya zamani, hata hafiki mmoja katika 100, maana mtoto huzaliwa na ulinzi wa mamake. Kuanzia wiki ya 36 utapewa asikloviri ili kuvituliza. Kama uchungu utakukuta una kidonda au ule mchomo wake, utazalishwa kwa upasuaji. Kama ngozi ni safi, utajifungua kawaida na kunyonyesha kawaida, ila titi lenyewe likiwa na kidonda. Mwambie mkunga siku ya kwanza unapofungua kitabu cha kliniki, na siku ya uchungu mwambie tena yule utakayemkuta zamu, kwa kuwa huenda hatakuwa ndiye yule wa kwanza.